Mkia wa Mjusi na Mkono wa Mwanadamu



Aliyekulia katika nyumba zetu za pwani hakosi kupata kumwona mjusi kafiri amebanwa na mlango, akauacha mkia wake ukirukaruka sakafuni, na mwenyewe akatokomea nyuma ya saa ya ukutani. Na watoto, ambao huuzunguka mkia ule kwa makelele mpaka utulie, huambiwa siku ile ile na wakubwa wao kwamba hautapita muda mrefu kabla mjusi yule hajaota mkia mwingine. Maneno hayo ni kweli, lakini ni kweli pungufu. Mtu akiuchukua mkia huo wa pili akaupasua kwa wembe, hataiona ile mifupa midogo midogo iliyopangana katika mkia wa kwanza, bali ataona bomba moja la gegedu limepita toka shinani hata nchani. Magamba yake hayakupangika kama ya asili, na rangi yake aghalabu ni nyingine. Mjusi amefidiwa, ila fidia haikulingana na mali iliyopotea.

Nimeutanguliza mkia huu kwa sababu suala nililopewa kulizungumza, yaani kama iko siku mwanadamu aliyekatika mkono au mguu ataweza kuuotesha upya, huulizwa kwa pupa na kujibiwa kwa pupa zaidi na watu wa namna mbili: wale waonao kwamba jambo lote ni muhali na ngano za kulazia watoto, na wale ambao, wakisoma gazetini habari moja tu ya maabara, hutangaza kwamba muujiza umekwisha fika mlangoni. Baina ya hao iko nafasi ya kusimama mtu mwenye insafu, nami nakusudia kusimama hapo. Na rai yangu, ambayo nitaitolea ushahidi, ni kwamba nguvu ya kuota haikutoweka katika miili yetu, bali hutanguliwa na nguvu nyingine iliyo na haraka kuliko yenyewe, nayo ni nguvu ya kutia kovu.

Maarifa ya viungo kuota ni ya zamani. Wavuvi wa mwambao hawakuhitaji mwalimu wa kuwaambia kwamba kaa aliyenyofolewa gando huota lingine ajivuapo gamba, dogo kwanza, kisha likakua. Wala kwamba pweza aliyenyang'anywa mkono na mkunga huonekana baada ya muda ana mkono mpya mwembamba pale pale palipokatika. Jongoo bahari amewazidi wote kwa ujasiri, kwa maana akisumbuliwa huyatoa nje matumbo yake mwenyewe akamwachia adui, kisha akajitenga na kujiundia mengine.

Huko Ulaya mambo haya yaliingia vitabuni katika karne ya 18, na miongoni mwa walioyatia nguvu alikuwa padri wa Kiitalia, Lazzaro Spallanzani, aliyetoa kijitabu mwaka 1768 akaeleza jinsi salamanda, mnyama wa majini mwenye umbo la mjusi na ngozi laini ya chura, anavyoota upya mkia, miguu na hata taya. Katika kijitabu hicho hicho alisema kwamba konokono aliyekatwa kichwa huota kingine, na neno hilo likazua gumzo kubwa hata Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, ambaye kwa wakati huo umri wake ulikwisha pita miaka 70, akaketi kukata vichwa vya konokono kwa mkono wake ili ajionee. Ulikuwa mwaka mbaya kwa konokono, ijapokuwa katika nchi ile, kwa jinsi wanavyopendwa mezani, sidhani kama wana mwaka mzuri.

Katika jamaa ya salamanda yuko mmoja wa Mexico, aitwaye aksolotli, ambaye kwao hasa ni maziwa na mifereji ya Xochimilco karibu na mji mkuu wa nchi hiyo. Porini wamesalia wachache mno, ilhali maelfu wanafugwa katika maabara za dunia, kwa sababu hakuna mwalimu wa fani hii aliye bora kuliko yeye. Mwaka 2018 wataalamu walikamilisha kuusoma urithi wake, ule mwandiko wa maumbile uliomo katika kila chembe hai ya mwili, wakakuta una herufi bilioni 32, yaani kiasi cha mara 10 ya ule wa mwanadamu. Mnyama huyu akikatika mguu, damu hukoma upesi, na kabla siku haijapita ngozi nyembamba imekwisha tambaa juu ya jeraha. Lakini chini ya ngozi ile halifanyiki kovu. Chembe zilizo jirani na jeraha, za nyama, za gegedu, za ngozi na za mishipa ya fahamu, hulegea, huacha kazi zake za kila siku, huanza kuzaana, kisha hujikusanya kuwa kinundu kidogo ambacho wataalamu hukiita blastema. Na kinundu hicho hurefuka, hutanuka mfano wa kijiko, huchanuka vidole, na ipitapo miezi miwili mitatu mguu umerudi na mifupa yake, misuli yake na hisi zake, hata asiyejua habari hawezi kusema ni upi wa zamani na upi wa sasa.

Zamani ilidhaniwa kwamba chembe zinazoingia katika kinundu kile husahau asili yake zikawa tayari kuwa kitu chochote. Mwaka 2009 Elly Tanaka na wenzake huko Dresden, Ujerumani, walitumia aksolotli ambao baadhi ya chembe zao zilifanywa zing'ae ili zifuatiliwe ziendako, wakaona kwamba sivyo: chembe ya msuli huzaa msuli, na ile iliyouvika mshipa wa fahamu hurudi kuuvika mshipa wa fahamu. Tena kinundu hujua mahali kilipo. Kikiota kwenye kifundo cha mkono huunda kiganja na vidole tu, na kikiota begani huunda mkono mzima. Na ujuzi huo una dawa yake, kwa maana mwaka 1982 mtaalamu Malcolm Maden alimtia aksolotli aliyekatwa kiganja dawa ya ukoo wa vitamini A kupita kiasi, na pale penye kiganja ukaota mkono kamili tokea juu, mkono juu ya mkono. Nawaombeni mliweke jambo hilo moyoni, kwa kuwa linaonyesha kwamba kuota si rehema isiyo na mpango. Ni kazi yenye amri zake, na amri zaweza kusomwa, na hata kuharibiwa.

Basi kwa nini sisi hatuoti? Mwili wetu ukijeruhiwa hufanya kama wenyeji wa mji ambao ukuta wake umebomolewa usiku na adui yu nje: hawamngoji fundi wa kuchonga lango jipya, bali huziba ufa kwa mawe, magogo na chochote kilicho karibu, na kunapokucha mji umesalimika, ila pale palipokuwa na lango pamekuwa ukuta mtupu. Kovu ndilo ukuta huo. Halina vinyweleo, halina tezi za jasho, halinyumbuki kama ngozi, na likisha kukaa mahali, kinundu cha kuota hakipati pa kusimama. Wala siliiti kovu kosa la maumbile, maana kwa kiumbe mwenye damu moto, anayetembea mavumbini na kushambuliwa na vijidudu vya kila namna, kuziba upesi kumeokoa maisha mengi kuliko ambavyo kuota polepole kungeweza kuokoa.

Ushahidi kwamba kovu na kiungo hushindania mahali pamoja ulitoka Australia mwaka 2013. James Godwin na wenzake waliwaondolea aksolotli zile chembe walaji zizungukazo mwilini, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu na kutuliza uvimbe wa jeraha. Na aksolotli, bingwa wa kuota, akashindwa kuota. Mguu wake ukafanya kovu kama wetu. Chembe zile ziliporejea na kigutu kikakatwa upya, mguu ukaota.

Kwa miaka mingi ilishikwa kwamba neema hii ni ya wanyama wa damu baridi, na kwamba wanyama wanyonyeshao, ukiondoa mifano michache, mathalani ayala wa nchi za baridi ambaye huangusha pembe zake na kuota nyingine kila mwaka, hawana fungu humo. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 2012 na habari zilizotoka Kenya, katika vilima vya mawe vya Laikipia. Wako huko panya wa jamii iitwayo Acomys, ambao singa za migongoni mwao ni ngumu na zenye kuchoma, na ambao ni taabu kuwakamata kwa kuwa ukimshika mmoja kwa nguvu ngozi yake hubaki mkononi mwako, naye akakimbia. Ashley Seifert wa Marekani, akishirikiana na Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyekuja baadaye kuwa naibu chansela wa chuo hicho, na pamoja nao Malcolm Maden yule yule wa vitamini A, waliwanasa panya hao, wakaipima ngozi yao wakaikuta dhaifu mara 20 kuliko ya panya wa nyumbani, na wakaona kwamba panya aweza kupoteza hata asilimia 60 ya ngozi ya mgongoni akaishi, na ngozi ikarudi pamoja na singa zake. Kisha wakawatoboa masikio tundu la milimita 4. Tundu la namna hiyo katika sikio la panya wa kawaida hubaki tundu siku zote. Lakini katika masikio ya wale wa Laikipia lilijifunga kidogo kidogo, na lililojifunga humo halikuwa kovu bali ngozi halisi, vinyweleo, tezi na gegedu. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2017, ukaonyesha kwamba panya hawa nao wakinyimwa chembe walaji, sikio halizibiki.

Panya huyu haoti mguu, na asije mtu akamsingizia. Lakini ni mnyonyeshaji kama sisi, mwenye damu moto kama yetu, naye ameshinda kovu, japo katika ngozi na sikio tu. Mimi huona fahari kidogo kwamba somo hili lilipatikana kwa panya wa mawe wa Afrika Mashariki, ambaye wenye mashamba hawakupata kumhesabu katika mali.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Mwaka 1974 tabibu Cynthia Illingworth wa hospitali ya watoto ya Sheffield, Uingereza, aliandika habari za watoto waliobanwa vidole na milango, ncha zikakatika. Desturi ya matabibu ilikuwa kulishona jeraha, au kulibandika kipande cha ngozi kilichotolewa mahali pengine pa mwili. Yeye aliona kwamba jeraha likisafishwa tu na kufungwa bendeji, pasipo kushonwa, na maadamu kidole kimekatika mbele ya kiungo cha mwisho, ncha huota yenyewe katika miezi michache, na nyama yake, na ukucha wake, ikarudi kuwa duara. Angalieni: mkono wa fundi uliokuja kuziba ndio uliokuwa ukizuia. Siri nyingine imo katika shina la ukucha, ambako zimekaa chembe shina, yaani chembe mama zenye kuzaa chembe nyingine, zitoazo amri ya kuota. Katika panya wa maabara jambo hili lilielezwa mwaka 2013, ya kwamba shina la ukucha likiondoka pamoja na ncha, hakioti kitu. Hivyo mwanadamu anao mpaka, nao ni mfinyu: mbele ya shina la ukucha ana uwezo wa salamanda, na nyuma yake hana.

Tena mtoto akiwa bado tumboni mwa mamaye, katika miezi ya mwanzo, ngozi yake ikijeruhiwa hupona pasipo kovu, na uwezo huo humpotea kabla hajazaliwa. Na ini, watu hulitaja sana, wakisema kwamba lina uwezo wa kuota upya. Kwa kweli ini lililokatwa sehemu halirudishi pande lililoondoka. Yale mapande yaliyosalia huvimba na kuongezeka mpaka uzito wa kawaida ufikiwe, na kwa ajili hiyo mtu aliye hai aweza kumpa ndugu yake zaidi ya nusu ya ini lake, na baada ya miezi kadhaa kila mmoja akawa na ini la kumtosha. Ni jambo kubwa, lakini ni kunenepa, wala si kuota mguu.

Je, kiumbe asiyeota aweza kushawishiwa kuota? Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, akiwamo Michael Levin, walitangaza kazi waliyoifanya kwa chura wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguuni, yule ambaye babu zetu wa hospitali walimjua kwa kazi nyingine kabisa, maana kwa miaka mingi katika karne iliyopita alitumiwa kupimia mimba za wanawake. Chura huyu angali kiluwiluwi huota mguu, lakini akikomaa huota kijiti cha gegedu tu kisicho na faida. Wakamfunika kigutu kwa kifuniko chenye ute wa hariri na dawa 5 zilizochanganywa, kwa saa 24 peke yake, kisha wakamwacha. Kwa muda wa miezi 18 mguu ukaendelea kuota, ukapata mfupa, mishipa na hisi, na chura akautumia kuogelea. Vidole vilichomoza, ila havikuwa na mifupa. Kwangu mimi lililo kubwa hapo ni zile saa 24: dawa hazikuujenga mguu, ziliuanzishia tu mwili kazi ya kuota, na yaliyofuata mwili uliyatenda wenyewe.

Hata hivyo baina ya chura na mtu mzima kuna masafa marefu, na hapa lazima niwapunguzie wasikilizaji furaha. Mkono wa mwanadamu huchukua zaidi ya miaka 15 tangu kuumbwa mpaka kufikia kimo chake. Mshipa wa fahamu uliokatika hukua kiasi cha milimita moja kwa siku, hivyo tokea begani mpaka ncha za vidole ni karibu miaka 2, na Marcus Singer alikwisha onyesha tangu miaka ya 1940 kwamba pasipo mishipa ya fahamu ya kutosha hata salamanda haoti. Kigutu kile kingepasa kukaa wazi, kibichi, kikilindwa dhidi ya vijidudu muda wote huo. Na liko neno la kutisha kuliko hayo: chembe zilizoamriwa kuzaana sharti ziamriwe pia kukoma, na chembe zizaanazo zisikome tunazijua kwa jina lake, nazo ni saratani. Mwenye kutoa dawa ya kuotesha, kabla ya kutuonyesha jinsi inavyoanza kazi, na atuonyeshe jinsi inavyosimama.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu matumaini haya yamekwisha kuua watu. Mwaka 2011 tabibu mpasuaji Paolo Macchiarini, akiwa Stockholm, alimtia mgonjwa koo la pumzi lililotengenezwa kwa plastiki na kulowekwa katika chembe shina za mgonjwa mwenyewe, ikasemwa duniani kote kwamba zama mpya zimefunguka. Chembe zile hazikujenga koo. Wagonjwa watatu aliowapasua Sweden kwa njia hiyo wote walifariki, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya nchi hiyo ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Leo yeyote anayewatangazia watu kwamba ana sindano ya chembe shina ya kuotesha kiungo, awe yuko ng'ambo au yuko mtaa wa pili, mwulizeni ni mgonjwa gani aliyeota, na mtake kumwona.

Kwa aliyekatwa mguu mwaka huu, kwa kisukari au kwa ajali ya bodaboda, msaada uliopo ni mguu wa kuundwa, na mafundi wake wanasomeshwa hapa hapa kwetu, katika chuo kilicho kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1981. Asingoje salamanda. Kigutu kilichokaa muda mrefu pasipo mazoezi hukakamaa kwenye kiungo, na kumvalisha mtu mguu juu ya goti lililokakamaa ni kazi ngumu kwa fundi na maumivu kwa mvaaji.

Na kama mtanibana niseme ni kiungo gani kitakachotangulia kuota kwa dawa katika mwili wa mtu mzima, sitautaja mkono; nitalitaja jino. Huko Japani Katsu Takahashi na wenzake walitambua kwamba iko protini mwilini inayozuia meno kuota, wakatengeneza dawa ya kuifunga, na mwaka 2021 wakaonyesha kwamba panya, na mnyama mwingine wa jamii ya kicheche, waliota meno ya ziada kwa dawa hiyo. Mwaka 2024 majaribio kwa wanadamu yalianza katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa wanaume 30 wa umri wa miaka 30 hadi 64 waliokosa jino moja au zaidi, na muradi wa hatua hiyo ya kwanza ulikuwa kujua tu kama dawa ina madhara. Waliopangwa kufuata ni watoto waliozaliwa pungufu ya meno. Wenyewe wanataraji dawa iwe tayari kutumika kwa watu ifikapo mwaka 2030. Taraja za namna hiyo zina desturi ya kuchelewa, lakini jino ni kitu kidogo, lina mbegu yake katika ufizi, na halingoji mshipa wa fahamu utembee miaka miwili. Kwa hiyo mwenye pengo ana haki ya kungoja kwa moyo mwepesi kuliko mwenye mkono mmoja.